Kitufe cha Msaada

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Nina miaka sabini na mmoja, ingawa kompyuta ya kazini inasema hamsini na minane. Nimezika mabosi wanne wa ofisi hii, na mbwa wa wawili kati yao. Mgongo mzima, macho mazima, usingizi ndio sina. Goti lako je? Mwandiko usiucheke, kalamu ni yangu.

Unajua mwanao alisimamishwa kazi ya ufundi wa kompyuta hapa. Walisema mtu kaingia kwenye orodha ya wafanyakazi akachezea, na neno la siri la kuingilia wanalo yeye na bosi tu. Akaapa hajui. Bosi akauliza, basi mashine imejichezea yenyewe?

Sasa sikiliza. Mimi mlinzi nilipewa mashine getini niandike wageni, basi. Siku moja ikajifunga. Mimi simwombi mtu msaada, unanijua. Nikabonyeza kitufe kilichoandikwa Msaada. Yakaja maelezo marefu. Nikataka kuyachapisha niyasome taratibu, ikaniuliza niyaweke wapi, na hapo hapo ikanifungulia mafaili yote ya ofisi yaliyomo kwenye kompyuta, kama mimi ndiye bosi! Ni kama mgeni kaomba maji barazani, kaingizwa mpaka chumbani kwa mwenye nyumba. Wasomi wote wale hawakuuona ufa huo. Nikauona mimi, wa darasa la tatu.

Humo, kwenye orodha ya wafanyakazi, nikakuta jina langu kati ya wazee wa kuondolewa mwezi ule. Nikajipunguzia miaka kumi na mitatu. Ndiyo, mdogo wangu. Ni mimi.

Wiki tatu mwanao alikaa kwangu bila kazi. Kila asubuhi ananipa chai, ananiambia kazi njema, baba mkubwa. Nami naitikia.

Jana akafunga mizigo arudi kwako. Nikamshika mkono mpaka kwa bosi, nikabonyeza kitufe kile mbele yao mara tatu, maana bosi hakuamini. Mwanao aliangalia vidole vyangu tu, kisha akavuta kiti akaanza kuuziba ule ufa. Kazi karudishiwa. Mimi nimerudisha funguo za geti.

Usinijibu kabla hujala ukashiba. Msalimie shemeji. Ukiona najisifu, muulize mama wa chai wa ofisini, aliyenichungulia siku ile ya kwanza akasema, babu, leo umekuwa bosi? Nikacheka. Au muulize mwanao, jana alikuwepo. Ila leo asubuhi hakuniita baba mkubwa. Kaniita mzee.

Ni mimi,
kaka yako.