Shahidi Asiyeulizwa

Barking, London
2 Novemba 2009

Mwanangu Muhsin,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeshajitangazia uhuru wake. Nyinyi huko Chake hamjambo? Mkeo hajambo? Na yule mbuzi wako mwenye maringo ya waziri, bado hajachinjwa?

Mama yako mzima. Anasafisha maofisi alfajiri, akirudi anatupikia, na nikisema chumvi imezidi ananijibu, "Oa, shemegi." Tangu kaka yangu kufariki na mama yako kuhamia kwangu, mie ndiye ulimi wake hapa mjini: kwa daktari, kwa baraza la mji, kwa kila aliyevaa tai. Kiingereza changu nilikiokota jikoni hotelini, kina mafuta mafuta, lakini kinafika.

Sasa sikia kichekesho. Jana imeanza sheria mpya ya mabenki, imetoka Ulaya, kwa wale wale wanaosemwa kuwa hupima ndizi imepinda kiasi gani. Mjukuu wangu Hayat kanisomea kijitabu walichotuletea. Mie namuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na mambo yanakwenda. Ati mwizi akitumia kadi yako, benki ikurudishie pesa zako upesi, isikuzungushe. Ila na wewe uwe umeitunza namba ya siri, usimwambie mtu yeyote. Hata wa nyumbani! Nikacheka mpaka meno yakacheza. Namba ya mama yako ninayo kichwani tangu siku ilipoletwa, maana kukiwa na mvua mie ndiye ninayekwenda kumtolea pesa mashineni. Watu hawa wanalala kitanda kimoja halafu wanafichana namba.

Akiba yake ya hija iko salama. Mwakani mtakutana Makka, na umwombee ammi yako, kazi kubwa hiyo, uanze mapema.

Ammi yako,
Mbarouk


Chake Chake
13 Novemba 2009

Ammi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Nimeipata barua yako, tumecheka nyumba nzima. Sisi wazima, mbuzi naye mzima na maringo yamezidi.

Ammi, nimeshatia jina langu na la mama kwenye kikundi cha mahujaji wa hapa. Mwenye kikundi anataka malipo ya mwanzo kabla ya mwaka kwisha. Nilimpigia mama kumwambia. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikamuuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Alhamdulillahi." Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema, "Muulize ammi yako, yeye ndiye msemaji."

Basi nakuuliza.

Mwanao,
Muhsin


Barking
24 Novemba 2009

Mwanangu Muhsin,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo. Goti langu usiliulize.

Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila nikianza nakuta nimeandika habari ya baridi. Baridi ipo. Sasa nakwambia.

Mama yako alikwenda mashineni mwenyewe. Aliniomba twende sote, nami nilikuwa nimeshika karata nzuri, nikamwambia, "Nenda tu, si namba unaijua?" Kuna mtu alisimama nyuma yake akachungulia vidole. Alipofika sokoni mkoba ukavutwa, na mtu akapotea nao. Mpaka tunajua la kufanya, yule mwanaharamu keshapita maduka ya vito akanunua bangili na mikufu kwa kadi ya mama yako. Akiba yote ya hija imekwenda kwenye shingo za watu nisiowajua.

Mie sikutishika. Nikamwambia, "Shemegi, tulia. Sheria imeshaanza. Watalipa." Nikavaa kofia yangu ya Idi, nikamsindikiza benki. Si unajua sisi kwetu? Mtu ana shauri zito hendi peke yake, hufuatana na mtu mzima wa kumsemea na kumdhamini. Tukakaa mbele ya msichana mmoja mpole, ana makaratasi yake. Akauliza yaliyotokea, nikatafsiri vizuri, na mama yako kajibu vizuri. Msichana akawa anatikisa kichwa, anaandika, mambo yote sawa. Nikaona karibu tumalize na mie sijafanya kazi ya mtu mzima. Hakuniuliza, Muhsin. Wallahi hakuniuliza. Nikamwambia mwenyewe: "Mama huyu mwaminifu, sana. Mimi ni shemeji yake na ananiamini, hata namba yake ya siri ya kadi kanipa, kila mara namtolea mimi."

Msichana akaweka kalamu chini. "Unaijua namba yake?"

Nami, kwa kidomo changu, nikamtajia.

Juzi jibu limekuja. Ati hakuitunza namba, kwa hiyo sheria haimlindi. Aliyechungulia alikuwa mwizi, lakini aliyemponza ni mie.

Mama yako hajanitukana. Ningefurahi angenitukana. Anapika, anaweka sahani, nikisema chumvi imezidi anaitoa sahani, anapika upya. Siku hizi nakila chakula na chumvi yake hiyo hiyo.

Ammi yako


Chake Chake
4 Disemba 2009

Ammi,

Salamu. Sisi wazima.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Mama amefuta vyoo vya watu miaka yote ile. Anaamka kabla ya adhana. Wewe ulishika karata, kisha benki ukashindwa kuushika mdomo wako.

Lakini sikuandiki nikuzomee. Nimeuliza kwa mtu anayejua mambo haya, anasema jibu la benki hukatiwa rufaa. Waandikie kuwa hukuijua namba ile. Sema ulijigamba, mzee unapenda sifa, na kwamba namba yenyewe mama alikutajia siku ile mkiwa njiani kwenda benki, baada ya kadi kuibiwa. Basi. Neno moja. Umewahi kuniambia mwenyewe kuwa umri wako kwenye pasipoti uliutunga. Hili litakushinda?

Mama usimwambie.

Muhsin


Chake Chake
21 Disemba 2009

Ammi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hayat kaniletea ujumbe kwa simu kuwa pesa zimerudi zote. Nimemkumbatia hata mbuzi. Samahani kwa maneno yangu ya mwanzo wa mwezi, nilikuwa na hasira.

Lakini mbona mama hapokei simu? Mwenye kikundi ananisubiri.

Mwanao,
Muhsin


Barking
30 Disemba 2009

Mwanangu Muhsin,

Assalaam alaykum. Mama yako hajambo kiwiliwili.

Niliandika kama ulivyonielekeza. Hayat aliiandika kwa Kiingereza, akanitazama kwa jicho la babake, nikatia saini. Pesa zikaingia. Nikasema, mzee Mbarouk umepona.

Tatizo benki haziwezi kulipa kimya kimya. Zikaleta barua ya kueleza. Mama yako akamwita Hayat amsomee, na mtoto huyu, Kiswahili chake cha kuokoteza, kakipata siku ile chote. Kamsomea neno kwa neno: shemeji yako sasa anasema hakuijua namba yako.

Mama yako akaja mlangoni mwa chumba changu. "Shemegi, mie nilikutuma uniongopee?"

Nikamwita kwa jina lake, nikamwambia, "Kijakazi, mwizi kaiba kweli, pesa ni zako kweli, tumepindisha neno tu kati ya kweli na kweli."

"Nikazunguke Kaaba na neno lililopinda?"

Nikajaribu mzaha, kuwa wale wa Ulaya wanaopima ndizi zilizopinda hawakulipima hilo. Hakucheka. Mie nilipoona hakucheka ndipo nilipojua nimemfanya nini. Mara ya kwanza nilimkosesha hija kwa kusema kweli nisiyoulizwa. Mara ya pili nimemkosesha kwa uongo nilioombwa. Pesa zipo mle mle, hataki hata kuiona karatasi yake. Anasema haki yake angeidai kwa maneno yake mwenyewe, hata wangemnyima mpaka kaburini. Leo tunarudi benki. Nitasema mbele ya yule msichana kuwa niliongopa, watazichukua tena, na wanavyotaka kunifanya wanifanye. Hayat anasema saini ya uongo ni kosa, wanaweza kunishitaki. Naogopa, mwanangu. Mtu mzima naogopa kama ninayekwenda kutahiriwa.

Umwambie mwenye kikundi alifute jina la mama yako.

Mama yako yuko tayari, kavaa baibui, kasimama ukumbini kanishikia koti langu maana nje barafu. Jana usiku aliniuliza nani aliyenitia maneno yale kichwani, maana anasema hayakuwa na harufu yangu. Nikamwambia ni yangu mwenyewe, hakuna mtu.

Huo nao ni uongo, Muhsin. Huo sitaupeleka benki. Ukitaka kuurudisha kwa kumwambia kweli, namba ya simu yake unayo.

Ammi yako,
Mbarouk