Hosana Mbili, Kinanda Kimoja

Alhamisi, 9 Novemba 1978

Barua imefika! Kanisa kuu linatafuta mpiga kinanda. Watatuma watu watatu kunisikiliza Jumapili ya kwanza ya Majilio, na wanataka utunzi wangu mpya. Miaka kumi na tisa niko katika parokia hii ya msituni, napigia mazishi na kuwafundisha wakata miti kuhesabu mapigo hadi nne. Mke wangu Solveig kasema nitamaliza zulia kwa kuzungukazunguka.

Utunzi upo – Hosana yangu. Tatizo: siku ile parokia nzima huja kusikia Hosana moja tu, ile ya babu zao. Hata wasioonekana mwaka mzima huja, na wote huisikiliza wamesimama.

Alhamisi, 16 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Wakati wa kahawa nikatangaza kwamba mwaka huu tunaimba yangu. Åke wa besi akauliza kama nina homa. Mama Gunborg, sauti ya kwanza tangu wakati wa vita, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, yako ni nzuri. Ila mimi Majilio siji kusikia kizuri. Naja kusikia Hosana."

Wakacheka. Nami nikacheka. Hasira ninayo mpaka sasa. Kipya kinyemi, eti – waje huku waone.

Jumanne, 21 Novemba

Nimepeleka ratiba ya ibada ikachapwe. Niliandika "Hosana" basi, bila jina la mtunzi. Kanisa kuu watadhani ni yangu, mchungaji atadhani ni ile. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 24 Novemba

Mchungaji Sixten kanisimamisha mlangoni, ratiba mkononi, uso unang'aa. Alisikia uvumi kwamba naleta mambo mapya, akakosa usingizi. Sasa amepumua. "Karibu tena kundini," akasema. Nikajibu asante.

Kwa nini nilijibu asante?

Alhamisi, 30 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Wameimba yangu. Mama Gunborg alipanda juu kabisa, safi, bila kunitazama. Kwa mara ya kwanza ilikuwa kama nilivyoisikia kichwani nikizoa theluji. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la kinanda. Naitaka kazi ile. Naitaka mno, na naona haya kuitaka hivi.

Kisha tukaimba ile ya zamani, kwa tahadhari tu. Hakuna aliyefungua karatasi.

Åke: "Sasa Jumapili ni ipi?"

Nikasema wasikilize utangulizi wangu, watajua.

"Kumbe hata wewe hujui," akasema Mama Gunborg, na kuchukua mkate wa pili wa mdalasini.

Jumapili, 3 Desemba

Roshani ya kinanda, saa tano kasoro dakika tatu. Naandika kwa penseli, nikingoja kengele ziishe. Wale watatu wako safu ya tatu, mmoja kafungua daftari. Watu wamejaa hadi ukumbini, makoti yanatoa mvuke. Karatasi zangu zimepangwa mbele yangu. Kwaya yote inanitazama vidole.

Kengele zimenyamaza. Mchungaji amegeuka, anatazama huku juu, anatabasamu.

Sijagusa kitu, lakini chini wameanza kusimama – hapa hakuna anayeambiwa – safu za mbele, za kati, bibi mmoja na mikongojo yake. Hata watu wa kanisa kuu. Wanangoja.

Mama Gunborg kanigusa bega. "Keti, Mwalimu," kasema kwa upole. "Utapigaje umesimama?"

Sikujua kama nimesimama. Nimesimama na wao, na mdomo wangu tayari umeanza ile ya babu zao –