Rubani Aliyebaki Uani

Shikamoo Baba Kulwa,

Najua leo huitikii, ila sijawahi kukuanza bila shikamoo. Studio yetu ya Kalangalala ipo, mashine ya kuchapia inakohoa vilevile, na droni yako naipeperusha mimi, yule uliyesema ana mkono wa kukamulia ng'ombe. Cheka tu. Haijaanguka bado.

Mama Kulwa alikuja. Anataka picha yako kubwa ya kutundika sebuleni, ukiwa nyumbani kwenu Kharumwa. Makubwa! Wewe uliyempiga picha kila mtu hukuacha yako hata moja, zaidi ya ile ya kitambulisho, umekunja uso kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Iliniuma, jamani. Watoto wako pacha wakukumbuke kwa sura ile?

Nikafungua picha za mji wenu, nyumba na ua wake, ulizopiga kutoka juu. Zile nzuri tulishazisafisha, na sheria yako ilikuwa moja: rubani haonekani. Kwenye kila picha tulimfuta mwenye rimoti, yaani wewe, tukamfunika kwa udongo wa pembeni yake. Nikaenda kwenye zile mbichi ambazo hatukuwahi kuzigusa. Kumbe ulikuwemo! Ndani ya uzio wa minyaa, shingo juu, kitambi mbele. Nililia huku nacheka.

Nilipokukuza peke yako ulivunjikavunjika, uso ukapotea. Nikaacha, nikachapa mji mzima, wewe mdogo kama karanga. Kipande cha majaribio kikatoka cheusi, udongo kama maini. Ulizoea kuniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, kioo cha kompyuta kinadanganya, iamini karatasi." Nimekusikia, mzee wangu. Nikaongeza mwanga, nikapunguza wekundu, nikachapa tena.

Nilihofu Mama Kulwa ataniuliza uko wapi. Wapi! Alikuwekea kidole palepale: "Si huyu, na shati lake la Krismasi!" Halafu akakaa kwenye kile kiti chako kibovu.

Ni Doto, aliyekuja na mama yake, aliyetumaliza. Ulikuwa umeitazama droni, basi anayeisogelea picha unamtazama yeye. Alisogea kulia, akasogea kushoto, akatangaza, "Baba ananiona."

Nimekukumbuka sana, Baba Kulwa. Pumzika, kazi ipo mikononi. Wateja nitawafutia rubani kama ulivyonifundisha. Wewe sikufuti.

Wabeja, asante sana,
Mwanafunzi wako, Neema