Banasema Bibi Yangu Iko Muzima

*Barua zilizosomwa redioni, Baraka, mwaka wa 2004*

Mama Émilienne mushauri wetu, naomba unisaidie na mawazo, juu mawazo yangu mwenyewe yameisha na siku ya kusikilizwa iko karibu. Jina langu ni Eugène, niko muvuvi hapa Nundu, na bibi yangu ni Dorothée, lakini bantu wote banamuita Mama Lionel, kwa jina la mutoto wetu wa kwanza.

Nianze na ile bombe. Wakati wa vita ya pili bamama walikuwa banatoka shamba, mustari mumoja katika njia ndogo, kila mumoja na kitunga ya muhogo kwa kichwa, bibi yangu mbele, na njo yeye alikanyaga bombe yenye basoda wenye bunduki walikuwa bameficha chini ya udongo, ikamukata muguu wa kuume chini ya goti. Sasa sikia, mama. Benzake wamoja walitaka kumukimbilia, wengine walitaka kuingia mu majani, na yeye akiwa pale chini katika damu yake akapaza sauti, "Musikuje! Kila muntu asimame! Mugeuke, mukanyage pale pale tu mulikanyaga wakati wa kuja!" Wakarudi vile, mumoja nyuma ya mwingine, hakuna hata mumoja aliumia, na yeye akajifunga paja na kitenge akabaki peke yake akingojea banaume wenye kujua ile njia. Jirani yetu Pulchérie alikuwa nyuma yake kabisa, na mupaka leo anaeleza ile siku kwa kila mugeni.

Toka pale, mama, mi namuheshimu bibi yangu kuliko wakubwa wote wa hii inchi. Analima akikaa chini na kujivuta, anatwanga sombe ya majani ya muhogo, anaanika ndagala zangu, na muntu akimuuliza, "Mama Lionel, habari ya muguu?" yeye anajibu, "Ule wa kushoto unakusalimia," na bantu banacheka, banaenda zao.

Sasa mwaka huu kulikuja musaada wa bilema wa vita: chakula ya kila mwezi, matunzo ya hospitali, na muguu wa kutengenezwa. Iko komite kule Baraka yenye kuchagua. Bibi yangu alienda na kitenge yake safi, wakamuuliza, "Mama, unaweza kupika?" Akasema, "Naweza." "Kulima?" "Naweza." "Kuteka maji?" "Naweza, baba." Komite ikakata shauri kwamba iko muzima, hahitaji kitu. Lakini walisema mwenye hakuridhika anaweza kurudi, atasikilizwa mara ya pili na bantu wengine.

Yaya Nicolas, ndugu yangu mukubwa, aliposikia akakuja kwetu. "Safari hii musibebe mukongojo," akasema. "Tutamubeba kwa mugongo, avae nguo ya kupasuka, asioge, na alie sana. Wenye kulia njo banapewa." Mama Lionel akamujibu na heshima, "Shemeji, mi sikulia siku ya bombe. Nitalia leo juu ya unga?" Yaya akasimama akaenda bila kuaga, na sasa jamaa yote inasema kiburi ya huyu mwanamuke itatuua na njaa.

Na mimi, mama, niko katikati. Pale palikatwa panapasuka kila wakati, panatoka maji, na yeye anapafunika haraka ili nisione. Asubuhi moja nilimukuta anatambaa njiani na ndoo, mukongojo ameuacha juu ya matope, na aliponiona akasema, "Nilikuwa natafuta pete yangu." Akienda vile iko, watasema tena muzima. Akienda vile yaya anataka, hatakuwa tena Dorothée mwenye ninajua. Unishauri, nakuomba.

*Eugène, Nundu*

Mama Émilienne anajibu

Baba Lionel, nilisoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo kabla ya kuendelea. Mwanamke aliyelala chini bila mguu na bado akawaongoza wenzake hatua kwa hatua, hata mimi namvulia kitambaa. Pole sana, na hongera kwa kuishi na mtu kama huyo.

Sasa nikugombeze. Shauri la Nicolas ni uongo, na mkongojo hautabaki nyumbani. Nguo chafu zitamvunjia heshima bure, na siku komite itakapotuma mtu Nundu kuuliza majirani, mtakosa yote. Aoge, avae kitenge chake kizuri. Ulemavu si uchafu.

Lakini bibi yako naye alidanganya. Ndiyo, usishtuke! Alisema "Naweza" mara tatu, na mara tatu hakusema kweli yote. Anaweza kuteka maji? Anatambaa kwenye matope! Anaweza kulima? Analima, kisha kidonda kinapasuka, na kesho yake anakifunika haraka usione. Yule wa komite hakuiona kesho hiyo, aliona kitenge safi na mama anayetabasamu. Ungekuwa wewe, ungeandika nini?

Na wewe, Eugène, unamsifu sana, vizuri. Ila katika barua yako yote sikuona mahali ulipomuuliza, "Inauma?" Umemsimamisha juu ya sifa kama sanamu ya kanisani, na sanamu haiwezi kuomba maji. Mtu akishasifiwa kwa kutolia, atalilia wapi?

Basi jioni hii, watoto wakisha kula, keti karibu naye umwombe akueleze siku moja ya kawaida, toka anafungua macho mpaka analala. Si siku aliyoamka na nguvu. Siku ya kawaida. Anainukaje, anashika nini, anaanguka wapi, nani anamsaidia, na baada ya kazi mwili unakuwaje. Usimkatize. Hayo atakayokuambia wewe ndiyo atakayoambia komite. Wakimuuliza, "Unapika?" asiseme ndiyo wala hapana, aseme anapika namna gani. Swali asilolielewa, aombe lirudiwe, si aibu.

Kesho mpeleke kwa mganga wa hospitali, kidonda kikiwa wazi vile kilivyo, mkapate karatasi yake. Mama Pulchérie aende nanyi, lakini umwambie mapema: habari ya ile bombe aiseme kwa maneno machache. Komite haigawi medali. Wanataka kujua leo anaishi vipi, na jirani anayemwona kila siku ndiye anayejua. Mfike Baraka siku moja kabla, alale, akili itulie. Na ndani ya chumba wewe unyamaze mpaka uulizwe. Mdomo ni wake.

Na wewe mama Dorothée, najua redio yenu huko Nundu iko wazi na unanisikia. Siku ile uliwaambia wenzako ukweli kuhusu njia, wakapona. Waambie na hawa ukweli kuhusu mguu.

Barua nyingine kutoka Nundu

Mama Émilienne, ni mimi mwenyewe Dorothée. Kwanza nilikasirika, juu ulinigombeza mbele ya inchi yote, na sikuongea na Baba Lionel siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza pole pole, "Inauma?" Nikasema hapana. Kisha nikasema ndiyo. Tuliongea mupaka jogoo.

Kule Baraka tulikutana na bantu wengi katika sale, chumba kubwa ya kanisa. Nyuma ya zamu yetu kulikuwa baba mumoja wa Bibokoboko, kule juu milimani, jina lake Sebatware, mikono yote mibili imekatika. Alikuwa peke yake. Bantu walikuwa banasongana kwa benchi, lakini karibu naye kulibaki nafasi, unajua juu ya nini: bantu wa kule juu na bantu wetu walipigana wakati wa vita. Mi nikakaa pale, juu muguu ulikuwa unauma na sikutaka kusimama. Tukasalimiana.

Nilipoingia, mama wa komite akauliza, "Unateka maji?" Neno "naweza" likanifika kwa mudomo, nikalimeza. Nikasema, "Nateka nikitambaa, na sipendi muntu anione." Sikulia. Pulchérie njo alilia, Baba Lionel akaangalia chini. Wakaniuliza maswali mengi, nikajibu yote vile iko. Walinipokea, mama. Muganga wa muguu atanipima mwezi ujao.

Nilipotoka, nikamuona Sebatware anasimama kuingia. Nikamuuliza, "Baba, shahidi wako iko wapi?" Akasema hana, jamaa yake ilitawanyika wakati wa vita. Nikaomba komite niketi naye, wakakubali. Pulchérie akanivuta kitenge, akaninongoneza, "Mama Lionel, huyu ni wa kule juu, watu watasema nini?" Nikamwambia, "Watasema nilikaa."

Ndani wakamuuliza, "Unaweza kula peke yako?" Akasema, "Naweza." "Unaweza kuvaa?" "Naweza." Alikuwa ananyoosha mugongo kabisa, na nikajua namna anajisikia. Nikamwambia, "Baba, baeleze vile iko. Hata mi nimetoka kusema yangu sasa hivi." Akaniangalia.

Kisha akasema, "Hii shati nilifungiwa juzi na mupita njia. Nimelala nayo mara mbili, juu nikiivua sitapata wa kunifungia vifungo."

Baba Lionel, mwenye uliambia anyamaze, akasema toka mulangoni bila kuulizwa, "Baba, sisi tutakungoja hapa inje. Utalala kwetu."