Mlio wa Cherehani

Shoga, leo nimejiaibisha, yaani sina pa kuuweka uso.

Nimetoka redioni sasa hivi. Mtangazaji kaniuliza, "Ule mlio unaoanza kwenye wimbo wako umetoka wapi?" Nikajibu, "Nimeubuni mwenyewe." MWENYEWE! Ulimi umeniponyoka.

Na Kimya, kijana anayenitengenezea muziki, alikuwa pale nyuma ya kioo, kanishikia mkoba. Kimya yuleyule aliyerekodi cherehani ya mama yake, akaipunguza kasi mpaka ikalia kama mtu. Si tulimcheka wote? Nyimbo zangu zote zina mkono wake na hakuna anayemjua.

Tumetoka, wala hajanuna. "Umeongea vizuri, dada." Natamani angenitukana.

Mara mama yake akapiga simu. Kumbe alikusanya majirani wasikilize! Nikamsikia kabisa: "Mwanangu, mbona sijasikia jina lako? Wala cherehani yangu?"

Kimya akageukia ukutani. "Wamenitaja, mama. Labda redio yako ilikatika."

Amenifichia aibu kwa mama yake mzazi, shoga!

Kipindi bado kiko hewani. Narudi kugonga mlango, wanifukuze wakitaka.