Kaka, Mzinga Niliuziba Mimi

Kwa kaka yangu Elia, popote ulipo katika mashamba ya mkonge,

Kamwene, kaka. Sisi ni wazima, ila baba macho yanamwishia. Barua hii nampa jirani yetu anayeondoka na lori la manamba. Kwa kuwa sijui uko shamba gani, nimemwomba aisome kwa sauti katika kila kambi atakayofika, watu wa Njombe waliomo wasikie. Usinikasirikie kwa hilo. Wewe ulilaumiwa mbele ya watu baada ya ibada, na mimi nataka kusema mbele ya watu: mzinga wa baba niliuziba mimi.

Unaukumbuka mzinga ule mkubwa aliourithi kwa babu? Baba alikuwa mkali kwa mambo mawili tu, katekisimu na mlango wa nyuki. Mlangoni alifunga kipande cha mwanzi alichokitoboa vitundu, nyuki apite na mzigo wake na panya abaki nje akinusa. Nyuma, upande wa chini, aliacha matundu matatu membamba ya kupitisha hewa. "Mlinzi asimnyonge mwenye nyumba," alikuwa akisema, nawe ukimwigiza kwa sauti yake nzito mpaka naangua kicheko, nyuki wanatutimua sote wawili.

Ugomvi wenu ulikuwa matundu yale ya nyuma. Kipupwe kikifika na umande ukiganda majanini, uliwaonea nyuki huruma, ukayaziba kwa nyasi. Baba anazibua, wewe unaziba. "Nyuki akiwa na wenzake hapati baridi," alikueleza, "lakini joto lao lisipopata pa kutokea litawaua." Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Ukamjibu kwamba hata masikio yako yana baridi. Nani angekuweza wewe kwa maneno?

Siku ile, mwaka uliofuata baada ya kumzika mama, masika yalikuwa yanaishia. Baba alikuwa Njombe kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nawe ukaenda Makambako kumpelekea shangazi mahindi. Ukaniambia, "Mzinga nakuachia. Siafu wakija, majivu." Siafu wakaja alasiri, baada ya mvua. Nilimwaga majivu kuzunguka nguzo mbili za mzinga, lakini ardhi ilikuwa imelowa, majivu yakageuka tope, wakapita juu yake kana kwamba nimewatandikia mkeka. Nilipowaona wanaanza kupanda nguzo nilichanganyikiwa. Nikachota udongo wa mfinyanzi, nikausiliba mlango wote, nikazunguka nyuma nikayasiliba na yale matundu matatu. Nyuki waliokuwa nje waliniuma mikono yote miwili, na mimi nikajiona shujaa. Nikasema nitafungua asubuhi.

Asubuhi niliweka sikio kwenye mzinga, sikusikia mvumo. Nilipobandua udongo wa mlangoni walianza kuanguka mafungu mafungu, wamelowa asali. Walikuwa wamelundikana wote pale pale mlangoni wakitafuta pa kutokea. Ndani masega yalikuwa yamelainika kwa joto na kuporomoka. Siafu walikwisha kwenda zao.

Nilikuwa sijagusa udongo wa nyuma uliporudi. Uliinama ukaziona alama za vidole vyangu zilizochapwa pale, nne, nyembamba. Ukanitazama. Kisha ukalowesha kiganja kwa mate, ukazisugua mpaka zikafutika.

Baba alipofika alikwenda moja kwa moja nyuma ya mzinga. Akadhani uliziba kabla ya safari. "Elia! Sasa umeacha nyasi, umehamia udongo?" Nawe ukasema, "Nimekosa, baba."

Jumapili akatamka nje ya kanisa kwamba mtoto asiyesikia hafai kukabidhiwa kitu chenye uhai. Wiki haikwisha ukapanda lori. Nami nilisimama pale nimefumba mdomo. Nilikuwa nimeposwa, kaka. Niliogopa watu wa Lyamkena watasema wanaletewa mwali anayeua mizinga. Kwa hofu hiyo nilikuacha uende, na nimeishi nayo kwa aibu kubwa kuliko unavyodhani. Kila mtu alipokutaja nilijifanya nina kazi jikoni.

Sasa nina mizinga yangu miwili huku Lyamkena. Milango ya mwanzi natoboa mwenyewe, na mume wangu hunicheka kwa jinsi ninavyokwenda kuchungulia matundu ya nyuma kila nikipita. Anadhani ni bidii. Wiki iliyopita nilimweleza kila kitu, yeye kwanza, halafu nikapanda kwenda kwa baba.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa nini alisema amekosa?"

Nikamwambia, "Alinisitiri, baba."

Akaniomba nimshike mkono nimpeleke kwenye mzinga. Uko pale pale, mtupu, hakuruhusu mtu auondoe. Akapapasa nyuma mpaka akayapata matundu, akayagusa moja moja. Baba yetu, kaka, ambaye hata alipozikwa mama aliyakaza macho yake, alilia mbele yangu bila kujificha. "Nilimfukuza mwenye huruma," alisema. "Mwandikie upesi. Sura yake naitaka nikiwa bado naona."

Siku hizi ananitambua kwa sauti. Mchana wa jua kali anaweza kumwona mtu akisimama karibu sana. Mganga wa misheni anasema hiyo nayo haitadumu.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana najua ulivyo, utasema yamekwisha huku moyoni yanachemka. Njoo. Lori litakushusha Makambako, na kwangu ni karibu kuliko kwa baba. Pitia kwangu kwanza. Nitakuwekea maji ya kuoga na chakula, watoto nitawatuma kwa jirani, nawe uniseme yote, miaka yote hiyo, usinibakishie. Ukimaliza nitakusindikiza hadi barabara ya Njombe. Kwa baba usipeleke hasira, kaka. Msogelee tu, usimame karibu, akuone.

Mimi niliyekaa kimya,
mdogo wako wa Lyamkena