Mimi Ulinipeleka Chuo, Agano Ukamfundisha Mwenyewe

Baba,

Agano kafeli mtihani wa udereva, na mimi nilifurahi. Nianze na hilo, maana wewe sikuwahi kuweza kukuficha kitu.

Ndiyo, kitinda mimba wako, uliyemfundisha kwa mkono wako kila Jumapili baada ya ibada kwenye njia ya mashamba ya chai. Mafinga, mbele ya trafiki, kaendesha katikati ya barabara, tena kapiga honi kila kona, mchana, jua linawaka. Wewe ndiye uliyemzoesha. Huku kwetu Igowole kingo za barabara ni tope tupu, ukikaa pembeni unatumbukia, na ukungu ukishuka bila honi mnavaana. Trafiki akamwambia ashuke. Nilipopata habari niliingia jikoni nikacheka peke yangu, mwiko mkononi.

Unajua kwa nini. Nilipomaliza kidato cha sita nilikuomba unifundishe gari. Ukasema, "Wewe ni mtoto wa kike, na mimi nina mdomo. Nenda chuo, wakufundishe kistaarabu." Nikaenda. Wiki nzima ya kwanza nimekaa mbele ya meza iliyochorwa barabara, nasukuma kigari cha mbao kwa kidole na kutaja alama. Mwalimu alikuwa mpole, ananiita "sista," hakuniinulia sauti hata siku moja. Nikapata cheti, nikapata leseni, nikaja kukuonyesha. Ukasema, "Vizuri," ukaenda kufunga ng'ombe.

Mwezi uliofuata ukamwita Agano, ana miaka kumi na sita, ukampa ufunguo wa pikapu.

Nilikuwa nawaona kutoka shamba la viazi. Ile habari ya yai ndiyo iliyonimaliza. Unasimamisha gari kwenye mwinuko, unaweka yai nyuma ya tairi, unamwambia aondoke bila gari kurudi nyuma. Akilivunja, makemeo yako yanafika mpaka kisimani. Likisalimika, mnakuja nalo nyumbani, Mama analikaanga, mnagawana mnacheka. Na mimi mwenye leseni nawatengea chai. Nilitaka huo mdomo, Baba. Nilitaka na mimi unikemee.

Basi. Tangu tukuzike pikapu haijatoka uani. Mimi nafundisha shule ya msingi, siku za kupeleka viazi mnadani niko darasani. Mama akasema Agano asipopata leseni kabla ya kuvuna viazi, gari linauzwa, na kuna mtu wa Mgololo ameshakuja kulikagua mara mbili. Agano akajiandikisha chuo. Walipoona gari analijua wakamharakisha, alama akazipita juu juu. Akanifuata na daftari lake. "Dada, nielekeze hizi alama, na hii habari ya kukaa kushoto." Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Nilimwambia hivyo wiki tatu, huku nikijua anakwenda kufeli. Wivu ulinifikisha huko: afadhali gari lako liuzwe kuliko nimwone yeye amelikalia.

Kilichonigeuza si wema, usinisifu. Yule mtu wa Mgololo alirudi mara ya tatu. Akaingia, akakaa pale pa dereva, na kwa kuwa ni mfupi akakivuta kiti mbele. Kiti hicho kilikuwa vile vile ulivyokiacha. Nikatoka nje nikamwambia gari haliuzwi. Mama alinishangaa. Hata mimi nilijishangaa.

Jumamosi nikamkalisha Agano kwenye usukani, mimi nikakaa kando, tukashika barabara ya Nyololo. Kila barabara inapokuwa tupu, huyo, katikati. Nikamwelekeza kwa upole, kama nilivyofundishwa. Nikarudia kwa upole. Mara lori la magogo likatokea kwenye kona, naye yuko pale pale katikati, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Rudi kushoto, zezeta wewe! Barabara ya babu yako hii?"

Akarudi kushoto. Lori likapita. Akaegesha, akazima gari, akalaza kichwa kwenye usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemwumiza. Baadaye akasema, "Dada, umenikemea kama Baba. Endelea."

Nikaendelea, Baba. Nilimkemea mpaka Nyololo, na kurudi. Nililia na mimi, lakini sikunyamaza, na yeye hakutoka kushoto tena.

Alhamisi anarudia mtihani. Alama zote anazo kichwani sasa, nimemhoji mpaka Mama akasema nimwache ale. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Zile Jumapili zenu nikizikumbuka moyo bado unachoma, na nakulaumu, kwa sababu kunikemea kidogo tu kusingekupunguzia kitu. Hata hivyo gari lako haliondoki hapa. Agano ndiye atakayeliendesha, na mimi sitamnyima tena ninachokijua.

Pumzika sasa, Baba, hapa nyumbani tutajitahidi. Nakuahidi jambo moja: Mungu akinijalia mtoto, wa kike au wa kiume, gari nitamfundisha mwenyewe, na nitamkemea mpaka majirani watoke nje. Chuo ataenda kufuata cheti.

Mwanao,
Anitha